Ufundi wa Kumsoma Mhariri

Kumsoma mhariri kabla yeye hajausoma mswada ni ufundi unaostahili kutajwa sambamba na ufundi wa kutunga, na kwa mwandishi wa Eldoret, jiji lililo zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi ambako wachapishaji wengi wa Kenya wana makao, mitandao ya kijamii imeupa ufundi huo uwanja ambao haukuwapo wakati Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Mwandishi wa enzi hizo aliutuma mswada kwa posta, akasubiri jibu bila kujua aliyeupokea alikuwa akitafuta nini.

Nchini Uingereza na Marekani, pengo hilo la kutojua huzibwa na wakala wa fasihi, yaani mtu anayemwakilisha mwandishi mbele ya wachapishaji, akamjadilia mkataba na kulipwa sehemu ya mapato yake; na tangu miaka ya 2010 mawakala wamezoea kutaja hadharani, chini ya hashtegi ya #MSWL, aina ya miswada wanayoitamani. Afrika Mashariki mawakala ni wachache mno, hivyo mwandishi hukabiliana na mhariri mwenyewe, na matakwa ya mhariri huyo hayapatikani mahali pamoja bali hutawanyika katika miito ya miswada, picha za uzinduzi wa vitabu na mijadala ya lugha.

Miito hiyo imezaa matunda makubwa. Mradi wa miswada uliotangazwa na Kwani?, mchapishaji wa fasihi wa Nairobi, mwaka 2012 ulimtoa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, ambaye riwaya yake Kintu ilichapishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa mwaka huohuo wa 2014, ilifungua mlango kwa miswada ambayo bado haijachapishwa. Msomaji wa juujuu huona tarehe ya mwisho tu, ilhali fundi huchunguza majaji ni nani, washindi waliotangulia waliandika nini, na ni utanzu upi unaotajwa kwanza.

Hata picha ina maana yake. Mchapishaji wa Kenya anayeonyesha vitabu vya watoto kila wiki anafichua bila kukusudia mahali riziki yake ilipo, kwa kuwa soko la shule, ambalo vitabu vyake huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ndilo linalobeba biashara ya wengi. Na anayempelekea mchapishaji huyo diwani ya mashairi ya mapenzi hapaswi kushangaa akikataliwa, hata kama mashairi yenyewe ni mazuri sana.

Hata hivyo, ufundi huu haumaanishi kukata hadithi ili itoshe tangazo, kwani kitabu huchukua muda mrefu kuandikwa na kuhaririwa, na kinachotakiwa leo huenda kisitakiwe kitakapokamilika. Thamani ya ufundi huu ni kumwelekeza mwandishi kwenye meza inayoifaa kazi aliyokwisha kuiandika kwa moyo wake wote, na kumfunza adabu ya kutomsukumia mhariri mswada katika ujumbe wa faragha asiouomba.

Wahariri wa Kiswahili nao wanaombwa waseme kwa uwazi zaidi, tena kwa Kiswahili, ni riwaya, tamthilia na diwani za namna gani wanazozitafuta, maana waandishi wa Eldoret, Kitale na Kapsabet wanawasoma.