Mulituhesabu siku ya fulana



Kila tunapokaa watu watatu kuongea juu ya klabu za kazi ya jamii hapa Kindu, lazima mmoja aseme: "Vijana wa leo hawapendi kazi ya bure." Wengine wanatikisa kichwa, mazungumzo yanaishia hapo, tunapita kwa mambo ya siasa. Mimi hilo neno silikubali tena. Nilikuwa sekretere wa klabu moja ya mji huu kwa miaka miwili. Jina lake naliacha, wenyewe watajijua. Daftari ya mahudhurio ingali kwangu nyumbani, na hiyo daftari inasema kitu kingine.

Siku ya kuzindua tulikuwa 43. Viti vya kukodi, spika kubwa, hotuba nne. Kila mmoja aliitwa kwa jina, akapewa fulana, akapigwa picha na mdhamini wake pembeni. Mwezi wa tatu tulikuwa 19. Mwezi wa sita, 11. Kiangazi kilipofika tulibaki saba, na kati ya saba watano walikuwa wa komite. Yaani komite ilikuwa inakutana na komite, inasomea komite ripoti ya komite. Na tulifanya nini? Tuliandaa siku nyingine ya fulana ili kupata watu wapya.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kwenye korongo moja upande wa Mikelenge. Munajua vile erozio inakula huu mji: mvua moja kubwa ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi unakuta jiko la mtu limeshuka chini. Mimi, kama mtu wa kilimo, nilipendekeza vetiva. Ni majani yasiyo na makuu: unapasua shina, unapanda vipande kwa mstari unaokata mteremko, umbali wa sentimita 10 mpaka 15 kati ya kipande na kipande, na mizizi inashuka wima, inaweza kufika meta 3. Mstari ukishika vizuri, maji yanapunguza mwendo, udongo unabaki juu. Lakini lazima ushike. Miezi ya kwanza unapalilia, unajaza mapengo, unafukuza mbuzi. Vipande 600 tulivipanda kwa asubuhi moja, watu zaidi ya thelathini, tukiimba. Picha zilikuwa nzuri kweli.

Nilirudi baada ya wiki saba. Peke yangu. Papa mmoja mwenye nyumba pale pembeni ya korongo alikuwa anatengeneza lupango yake. Nikamusalimia, nikauliza majani yetu yako wapi. Akaniangalia kidogo, akasema: "Mwanangu, siku ya picha mulikuya wengi sana. Mbuzi zilikuya kesho yake. Ninyi mulirudia lini?"

Nilisema, "Samahani, Papa." Sikuwa na kingine cha kusema. Mvua za mwezi wa tatu zilikula meta mbili zingine za ile ardhi yake.

Mwaka wa pili prezida wetu aliniomba niandike orodha ya "wafu", yaani wale wa kufuta kwenye daftari. Badala ya kuwafuta nikiwa mezani, nilichukua baiskeli nikaenda kwao. Nilifika nyumba 14. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari ya pesa: munatutumikisha, hamulipi transporti, wenzenu wa miradi wanatoa perdiem. Wawili tu ndio walisema hivyo. Mmoja, mdogo wangu wa kitivo, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Yaya, nilikosa vikao vine. Hakuna mutu aliniuliza. Njo nikajua kule sina kazi." Dada mwingine anakaa Alunguli, ng'ambo ya mto. Vikao vyetu vyote vilikuwa Kasuku. Kwenye karatasi tulianza saa tisa, kwa kweli ilikuwa saa kumi na nusu, na yeye alikuwa analipa mtumbwi kwenda, analipa mtumbwi kurudi, anavuka Lualaba giza likiwa limeingia, mama yake amesimama kivukoni anangoja. Alivumilia miezi minne. Kwa miaka miwili hatukufanya hata kikao kimoja Alunguli, na kwenye ripoti yangu mimi mwenyewe niliandika juu yake: "hana moyo". Naomba radhi hapa mbele ya wote.

Na kulikuwa na yule wa kotizasio. Alishindwa kulipa mwezi wa kwanza, akashindwa wa pili. Baada ya hapo akaanza kunikimbia sokoni. Sikuwa namdai mimi, lakini kila akiniona anaona deni. Hakuwa na namna ya kusema "naomba nipumzike miezi mitatu", juu sheria zetu za ndani zilikuwa na kurasa mbili juu ya kuingia na mstari mmoja tu juu ya kutoka: kufukuzwa. Kwa hiyo alitoka kwa njia iliyobaki, akapotea.

Sasa tuulize: je, ni kweli vijana wa hapa hawapendi kazi ya bure? Mtu akifa kwenye avenyu yako, nani anachimba kaburi? Nani anabeba viti, nani anafunga hema usiku, nani anachota maji ya matanga siku tatu? Ni hawa hawa vijana, na hakuna perdiem. Angalia makwaya ya parokia zetu na vijana wa misikiti yetu siku za sikukuu. Najua watu wako kwenye kwaya moja tangu walipokuwa shule ya msingi, leo wana watoto. Mazoezi mara mbili kwa wiki, kitambaa wananunua wenyewe, na bado wanakuja. Kwenye kwaya, sauti ya nne ikiwa na watu watatu na mmoja akikosa, wimbo unasikika umechechemea. Hakuna haja ya daftari. Kwenye kaburi ni vile vile: mikono ikiwa sita badala ya nane, wote wanajua ni ya nani imekosa.

Mtu anabaki mahali ambapo kukosa kwake kunaonekana. Klabu zetu zinahesabu watu mlangoni, siku ya fulana, baada ya hapo hazihesabu tena. Kati ya watu 43 wasio na kazi ya jina lao, kukosa kwako hakuharibu kitu.

Angalieni mama zetu. Likelemba haina hotuba ya kualika watu, bali watu ndio wanaomba kuingia. Na hizi AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo CARE walivianza Niger mwaka 1991 na leo viko mpaka vijijini kwetu, zina mpangilio ambao kila prezida wa klabu angekaa kuutazama siku moja. Watu si wengi, mara nyingi kati ya 15 na 25. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye kutunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mmoja wa funguo akikosa, sanduku halifunguki, kikao chote kinamngoja. Pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, kwa sauti. Na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana yote, wanaanza upya: anayetaka kuendelea anaendelea, anayetaka kupumzika anakwenda na heshima yake. Ule mlango wa kutoka ndio unawarudisha wengi. Mama yangu aliacha mzunguko mmoja wakati wa ugonjwa wa babu, mwaka uliofuata alirudi, na hakuna aliyemnunia.

Najua mutaniambia: "Ndugu, pale kila mtu analinda pesa yake." Ni kweli, na sitaki kudanganya kwamba korongo la Mikelenge litamlipa mtu riba. Lakini kwaya haina riba. Kaburi halina riba. Pesa inaeleza nusu ya jambo, na sisi tumeifanya ieleze yote kwa sababu inatutoa sisi wa komite kwenye lawama.

Kuna kitu kingine nadhani kinatuogopesha kuhesabu. Wazazi wetu walipitia salongo, kazi ya lazima ya wakati wa Mobutu kuanzia mwaka 1973. Kule kuhesabiwa maana yake ilikuwa adhabu. Kwa hiyo leo tukisema tupige majina, mzee mmoja anainuka: "Hapana, hii ni kujitolea, tusibane watu." Nia yake ni nzuri. Lakini kati ya kumpiga mtu faini na kumpigia simu kuuliza "ulikuwa mgonjwa?" kuna mbali sana, na sisi tuliacha yote mawili pamoja.

Tena tunapenda kuiga Rotary na Lions: mkufu wa prezida, nyundo ya mezani, itifaki ndefu. Tungeangalia pia walivyoanza. Tarehe 23 Februari 1905, Chicago, walikaa watu wanne: Paul Harris aliyekuwa mwanasheria, injinia wa migodi, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na fundi wa nguo. Wanne tu. Walikutana leo ofisini kwa huyu, safari nyingine kwa yule, kwa zamu, na jina Rotary limetoka kwenye hiyo zamu. Kila kazi ilikuwa na mtu mmoja: mwanasheria akikosa, hakuna mwanasheria mwingine wa kujaza kiti. Kazi yao ya kwanza kwa mji, kusukuma vijengwe vyoo vya umma, ilikuja mwaka 1907. Sisi tumechukua mkufu, tumeacha zamu. Na zamu ndiyo ingemfikisha yule dada wa Alunguli. Wala wao leo hawajapona ugonjwa huu. Hesabu yao duniani imesimama kwenye milioni 1.2 hivi kwa miaka mingi, wapya wanaingia, wa zamani wanatoka, na mwaka 2016 walilegeza hata sheria yao ya kukutana kila wiki. Kwa hiyo tusijidharau sana kama watu wa Kindu.

Juu ya wadhamini sitasema mengi. Mdhamini anayepiga picha na mtu kisha hajui mtu huyo anakaa avenyu gani, huyo ni shahidi wa harusi tu.

Wanaoandaa kampeni mpya ya kuandikisha watu kabla ya mwisho wa mwaka, na najua ziko klabu mbili zinaandaa, nawaomba waahirishe. Kwenye kilimo, shamba likikufa magugu hatuongezi mbegu juu ya magugu. Kwanza nendeni mukawatafute wale wa zamani, nyumba kwa nyumba, bila daftari ya madeni mkononi. Madeni ya kotizasio yafuteni yote, yale hayatalipwa na munajua. Kisha kabla ya kumwita mtu mpya, jiulizeni huyu mtu mmoja atakuwa na kazi gani ambayo asipokuja haifanyiki. Kama jibu hakuna, musimwite bado. Mutakuwa wachache, ndiyo. Wa serikali na wa miradi wanapenda orodha ndefu, hilo nalijua, nimeziandika mwenyewe, na majina mengine kwenye orodha zangu yalikuwa ya watu waliokwisha kuhamia Goma na Kisangani.

Sisi wa lile korongo tulianza tena msimu huu wa mvua, mwezi wa tisa. Hatukufanya uzinduzi. Tuko 12: saba waliobaki, wanne kati ya wale niliowatembelea, na yule Papa wa lupango, ambaye hakuwahi kupata fulana. Tumegawa mstari, kila mtu meta kumi, na kijiti chenye namba yake. Kikao ni pale pale kwenye korongo, nusu saa, tumesimama. Kila mwezi wa tatu kikao kinavuka mto, tunaangalia pia mfereji wa maji kule Alunguli, na siku hiyo ni sisi wa Kasuku tunalipa mtumbwi. Mwezi wa sita mvua zikikatika tutakaa, kila mmoja atasema kama anaendelea ama anapumzika.

Mpaka leo sehemu kumi zimeshika vizuri, majani yako magotini. Sehemu mbili zina mapengo makubwa, mbuzi wamepita, na kila anayepita barabarani anaona ni namba gani. Namba 4 ni ya rafiki yangu aliyekuwa safarini Kasongo. Namba 9 ni yangu. Jumamosi asubuhi naenda kujaza, kama namba 8 atakubali kunipasulia vipande kutoka kwenye mstari wake. Jana alikuwa bado ananicheka.