Kabati la Kalamu

Marehemu baba aliniachia kalamu 19 za kujaza wino. Kwa miaka mingi zililala kwenye kopo la biskuti, zikigongana kila kopo liliposogezwa. Mwaka jana nikazipeleka kwa fundi seremala mmoja mjini Tanga, nikamwomba anitengenezee kabati dogo la kuzitunzia na kuzionyeshea. Siku ile hakushika hata futi. Alizipanga mezani, akaziinua moja moja, kisha akauliza kila moja imetengenezwa kwa kitu gani.

Nikamweleza niyajuayo. Ile Parker 51, aina iliyoingia sokoni mwaka 1941, ni ya akriliki, haina shida. Hizi nyeusi za zamani zaidi ni ebonaiti, yaani mpira uliopikwa kwa salfa hadi ukawa mgumu. Zikikaa kwenye mwanga, weusi wake hugeuka kahawia. Zile zenye mawimbi ya rangi ni seluloidi. Hizo kadiri zinavyozeeka hutoa mvuke wenye asidi, na zikifungiwa mahali pasipo hewa, mvuke huo huzila zenyewe. Mzee alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaniambia nirudi baada ya mwezi.

Niliporudi nilikuta mbao za mninga zimeegemezwa ukutani, bado hazijakatwa. Zilitoka Tabora, kwenye ukavu, na hapa Tanga hewa ina unyevu wa bahari. Mbao ikihama hivyo hunywa unyevu ikatanuka kwa upana, ingawa urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Mninga unasifika kwa utulivu, lakini nao hucheza. “Ubao ukiubana kwa gundi pande zote utapasuka tu, mwanangu,” alisema. Ndiyo maana ubavuni mwa kabati kila ubao mpana ameukalisha ndani ya mfereji wa fremu bila tone la gundi, ukiwa na nafasi ya milimita moja au mbili ya kutanukia.

Droo zilikuwa tano, na hazina msumari hata mmoja. Pembeni alikata meno yanayopanuka kama mkia wa njiwa, upande mmoja ukashika mwenzake, hivi kwamba ukivuta droo, uso wake hauwezi kuchomoka. Alichora kwa ncha ya kisu badala ya penseli, kwa kuwa mstari wa penseli una unene na patasi haijui ikae upande gani wake.

Vitanda vya kalamu vilichukua siku nyingi kuliko kitu kingine. Alizungushia msasa kwenye kijiti cha mviringo kinene kuliko kalamu kwa milimita tatu hivi, akasugua mfereji mmoja baada ya mwingine, akipitisha kidole kila mara kutafuta mahali panapokwaruza. Katikati akakwangua kishimo ili ukibonyeza ncha moja ya kalamu, ya pili inyanyuke ije mkononi. Ndani hakupaka vanishi, harufu yake isizifikie. Juu akaweka kioo kwa zile zisizoogopa mwanga. Za ebonaiti akazipa droo ya chini, gizani.

Siku ya mwisho nilimkuta akizikalisha droo. Anaingiza, anasikiliza, anatoa, anapitisha randa mara moja. Maranda yalidondoka membamba hata mwanga ukapita. Kisha akaniita. Akasukuma droo ya chini taratibu, na ile ya juu yake ikajitokeza yenyewe kama iliyosukumwa na mtu. Ilikuwa hewa tu. Droo zilikaa sawasawa kiasi kwamba hewa haikuwa na pa kupitia ila kuisukuma jirani. Kwa seremala hakuna cheti kinachozidi hicho. Nikamwomba arudie, akarudia mara mbili.

Halafu akaligeuza kabati, akachukua keekee, akatoboa safu mbili za matundu mgongoni. Nilishtuka. “Za rangi zinataka kupumua,” alisema, akapuliza vumbi.

Sasa nikisukuma droo ya chini, ya juu hutulia mahali pake. Mgeni akija kuona kalamu za baba hawezi kujua kwamba kabati hili liliwahi kufanya jambo lile. Mimi najua, na kila ninapofungua droo ya seluloidi nikakuta rangi zake bado zinang'aa, nayakumbuka yale matundu.