Mwendelezo na Maingiliano katika Tamthilia za Televisheni: Hukumu ya Wapenzi

Makusudi ya makala hii ni kuchungua jambo ambalo wahakiki wengi wamelipita kwa dharau, nalo ni hukumu ya wapenzi wa tamthilia za sayansi za televisheni juu ya mambo mawili. La kwanza ni mwendelezo, yaani sharti kwamba hadithi ya leo isiikane hadithi ya jana. La pili ni maingiliano, yaani mtu wa tamthilia moja kutiwa katika tamthilia nyingine. Husemwa kwamba wapenzi hawa ni wahesabu makosa tu, wala si wasomaji wa maana. Mimi naona sivyo. Wakisikilizwa kwa makini, hukumu zao zina kanuni moja, na kanuni hiyo si ngeni kwa mtu aliyepata kulinganisha nakala za tendi zetu.

Tuanze na Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipoondoka, waandishi walibuni hila ya ajabu: shujaa hufikia kufa, kisha huinuka na sura nyingine. Kwa hila hiyo tamthilia imeishi zaidi ya miaka sitini, ikipita katika mikono ya waandishi wengi. Hitilafu hazikukosekana. Kuzama kwa nchi ya Atlantis, mathalan, kumesimuliwa mara tatu, katika miaka ya 1967, 1971 na 1972, na masimulizi hayo ni magumu kupatana. Walakini wapenzi huitaja hitilafu hiyo kwa kicheko. Basi si kila mgongano huwaudhi, nasi yatupasa tuulize ni upi huwaudhi.

Mwaka 1976 mwandishi Robert Holmes, katika The Deadly Assassin, alitia sharti kwamba watu wa jamii ya shujaa huyu, Mabwana wa Wakati, waweza kugeuka sura mara kumi na mbili, wala si zaidi. Wakati ule hadithi hiyo ililaumiwa sana na wapenzi, kwa kuwa mabwana waliokuwa na haiba walionyeshwa kama wazee wa ofisini wenye fitina. Baadaye ilisifiwa, na hesabu ile ikawa kama ahadi. Tarehe 25 Desemba 2013 hesabu ilikuwa imekwisha: shujaa alisimama mbele ya kifo asichotazamia kukiepuka, kisha akajaliwa maisha mapya. Mwandishi hakuikwepa hesabu ya mwenziwe wa miaka 37 iliyotangulia, bali alilipa deni lake.

Kisha tarehe 1 Machi 2020 ikaonyeshwa The Timeless Children, ambamo shujaa aambiwa kwamba alikuwa na maisha mengi kabla ya yale tuliyodhani ni ya kwanza, nayo yalifutwa katika kumbukumbu zake. Wapenzi waligawanyika. Waliokasirika walisema msingi umebomolewa. Waliotetea walijibu kwamba hata mwaka 1976, katika The Brain of Morbius, zilikwisha kuonekana sura zilizotangulia ile ya Hartnell. Pande zote mbili zina ushahidi wa matini. Kwa hiyo matini pekee haziwezi kuamua.

Kwa maoni yangu walalamikaji wana haki nusu. Ushujaa wa mwaka 2013 haukubatilika, maana shujaa mwenyewe aliamini kwamba anakufa, na imani hiyo ndiyo kipimo cha moyo wake. Lakini jambo jingine limepotea. Tangu zamani tulimjua kuwa mtu wa kawaida miongoni mwa watu wake, aliyeiba chombo akatoka kwa hiari yake. Sasa amekuwa mteule kwa asili yake. Lililokuwa uamuzi limegeuzwa kuwa nasaba, na hilo ni kubwa kuliko kosa lo lote la hesabu.

Hapa twaweza kuikumbuka habari ya Fumo Liyongo. Wapo wasemao aliuawa na mwanawe, na wapo wasemao ni mpwawe. Enzi aliyoishi nayo ina ubishi mwingi. Wasikilizaji wa pwani wamezivumilia tofauti hizo vizazi na vizazi. Lakini atokee msimulizi aseme kwamba Liyongo hakusalitiwa na damu yake, au kwamba ile sindano ya shaba haikumdhuru, hapana mtu atakayempokea. Tarehe na majina huvumilia kubadilika; maumivu hayavumilii kufutwa. Hii ndiyo kanuni niliyoitaja, na wapenzi wa televisheni huifuata hata pasipo kuitamka.

Kanuni hiyohiyo huamua juu ya maingiliano. Star Trek, iliyoanza Marekani tarehe 8 Septemba 1966, imezaa tamthilia nyingi zenye ulimwengu mmoja. Mwaka 1996, kwa kuadhimisha miaka 30, watu wa Deep Space Nine waliingizwa ndani ya hadithi ya mwaka 1967 juu ya vinyama vya manyoya viitwavyo tribble. Wageni walitembea kwa adabu pembezoni mwa hadithi ya wenyeji, wala hawakuwanyang'anya ushindi wao. Humo pia Worf aliulizwa mbona Waklingoni wa zamani wana paji laini, hali wa tangu filamu ya 1979 wana matuta. Akajibu kwa ufupi kwamba hawalizungumzi jambo hilo na wageni. Mwaka 2005 sehemu mbili za Enterprise zilieleza sababu yake kuwa ni maradhi. Naona jibu la Worf lilitosha, maana liliikiri hitilafu pasipo kuomba radhi.

Linganisha na sehemu ya mwisho ya Enterprise, iliyoonyeshwa tarehe 13 Mei 2005. Riker, mtu wa tamthilia nyingine, aitazama safari ya mwisho ya mabaharia hao kama mchezo wa picha uliotengenezwa na mashine, na humo mhandisi Tucker anakufa. Wenyeji wakawa wageni katika maziko yao wenyewe. Lawama zilikuwa kali, na mwaka 2007 riwaya The Good That Men Do ilisimulia kwamba Tucker hakufa. Mwendelezo wa matukio haukuvunjika hapo hata kidogo. Kilichovunjika ni heshima.

Mfano wa mwisho watuhusu sisi wenyewe. Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina litokanalo na neno letu uhuru, irabu ya mwisho ikigeuzwa. Katika sehemu ya kwanza kuonyeshwa, mwaka 1966, kiumbe kimoja chamsemesha kwa Kiswahili. Lakini jina lake la kwanza halikutajwa. Jina Nyota lilitokea katika kitabu cha William Rotsler mwaka 1982, likatumiwa na wasomaji, na halikutamkwa katika filamu mpaka 2009. Kwa miaka 27 jina hilo liliishi nje ya matini rasmi, kisha matini rasmi ikalipokea. Lilipokewa kwa sababu halikumpunguzia Uhura kitu cho chote alichokuwa nacho.

Yawezekana mtu aulize: wapenzi wana haki gani ya kuhukumu mali ya wengine? Jibu liko katika historia. BBC ilifuta sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960. Picha za nyingine hazijapatikana, lakini sauti zake zote zipo, kwa kuwa watazamaji walizinasa majumbani mwao. Nasi tendi zetu nyingi tumezipata kwa mikono ya wanakili waliozipenda, wala hawakuwa wenye kuzitunga. Mtunza nakala hawi mmiliki wa hadithi kwa utunzaji wake. Lakini anaposema kwamba hapa pamefutwa jambo lisilopasa kufutwa, ni wajibu wa mhakiki kumsikiliza kabla ya kumcheka.