Courrières: Nani Aligeuza Hewa?

Tusizunguke: kusitisha uokoaji katika migodi ya makaa ya Courrières siku ya tatu lilikuwa kosa, na waliolifanya walikuwa watu wenye vyeti.

Mlipuko wenyewe mnaujua. Machi 10, 1906, kaskazini mwa Ufaransa, vumbi la makaa liliwaka na moto ukakimbia kutoka shimo hadi shimo. Wakafa 1,099. Siku tatu kabla, moto ulikuwa umeonekana katika tabaka la Cécile, shimo namba 3, na mjumbe wa wachimbaji, Pierre Simon, alitaka watu wasishushwe mpaka uzimike. Alipuuzwa. Hilo limeandikwa vya kutosha.

Mimi nang'ang'ania hewa. Wakuu waliamini kule chini wamebaki maiti na moto tu, basi wakageuza mkondo wa hewa na msako ukakoma. Aliyewahi kushuka duarani anajua uzito wa jambo hili. Mtu aliyejibanza penye hewa safi anategemea mkondo ubaki ulivyo. Ukiugeuza, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, humfuata hadi alikojificha.

Na waliyajuaje hayo ya maiti tu, ilhali njia nyingi hazikuwa zimefikiwa? Machi 30, siku ya 20, wanaume 13 walijitokeza wenyewe, akiwamo Henri Nény, wakiwa wamepapasa gizani na kula nyama ya farasi. Hakuna mwokoaji aliyewafuata. Aprili 4 akapatikana mwingine. Wangapi walikuwa hai siku ya tatu na siku ya kumi wakawa wamekufa? Ripoti zilijadili cheche ya kwanza. Swali hili ndilo lililostahili tume.

 

Wasomaji wangu wamechoka kunisikia: asiyeshuka shimoni asiachiwe kuamua nani amekufa. Simon alikuwa mtu wa kushuka. Wa namna yake hawapatikani siku hizi, isipokuwa kwa wachimbaji wadogo. Kule Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, ni wachimbaji wenzao waliowagundua waliofukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41.

Makaa ya Namwele, hapa hapa Ufipa, yakija kuchimbwa kwa mitambo mikubwa, nitauliza kwanza feni inayoendesha hewa iko mikononi mwa nani. Bei ya tani baadaye.