Wanaouliza Mapema

Wanaoandika programu za kukagua seva hawana mashabiki. Aliyeunda aplikesheni ya kutuma pesa atatajwa magazetini. Aliyeamka saa nane usiku akainyanyua seva iliyoanguka atapongezwa kikaoni. Lakini yule ambaye mistari yake michache ya msimbo huchungulia mipangilio ya seva kila alfajiri, ikaliona kosa kabla halijamfikia mteja, hana cha kuonyesha. Siku imepita kama siku nyingine. Sifa zangu leo ni kwake.

Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa katika kampuni ya kompyuta ya Tandem huko Marekani, alichapisha ripoti kuhusu sababu zinazofanya kompyuta zisimame. Mashine za Tandem zilijengwa ili zisizimike, kila sehemu muhimu ikiwa na mwenzake wa kushika nafasi yake. Hata hivyo zilisimama, na sababu iliyoongoza, kwa asilimia 42, ilikuwa usimamizi: mikono ya waendeshaji, matengenezo na usanidi. Vyuma vilichangia asilimia 18 tu. Mpaka leo likitokea jambo tunakimbilia kumtafuta mtu wa kulaumiwa, fulani hakuwa makini, mambo yakaisha. Fundi wa ukaguzi hujiuliza jambo jingine: ni swali gani ambalo lingeulizwa jana, kosa hili lingeonekana?

Chukua visudo, programu ndogo ya kuhariri faili linaloamua nani kwenye seva ya Linux atumie mamlaka ya mkuu wa mfumo. Kwa miaka mingi kosa la alama moja katika faili hilo lilitosha kuifanya sudo, programu inayotoa mamlaka hayo, imkatae kila mtu, pamoja na wewe uliyetaka kulirekebisha. Kwa hiyo visudo haikuachii faili lenyewe. Unahariri nakala, na ukimaliza inaisoma kwanza. Ikikuta kosa inakutajia mstari, kisha inauliza: sasa je? Unaweza kurudi kuhariri, au kutoka bila kuhifadhi. Njia ya tatu, ya kuhifadhi hivyo hivyo, ipo pia, ila inataka Q ya herufi kubwa, na kando yake limeandikwa neno la hatari, nalo kwa herufi kubwa. Naipenda sana hiyo Q. Aliyeiweka alijua kwamba siku moja atatokea mtu mwenye sababu yake ya kweli, na hakutaka kumfungia njia. Alitaka kidole chake kisite kidogo.

Kusoma sarufi ya faili ndiyo hatua ya kwanza, na wengi huishia hapo. Amri ya nginx -t, ya kukagua mipangilio ya seva ya wavuti, huenda mbele kidogo, maana hujaribu pia kuyafungua mafaili yaliyotajwa ndani ya mipangilio. Cheti kikihamishwa folda, itasema. Haitasema kwamba cheti chenyewe kilikwisha muda wake jana. Kwenye DNS, mfumo wa majina ya intaneti, mambo ni matamu zaidi. Katika faili la kanda, jina kamili lazima limalizike kwa nukta. Ukiisahau kwenye rekodi ya seva ya barua pepe, mail.mfano.co.tz inageuka kuwa mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na kisarufi hakuna kosa lolote. Programu ya named-checkzone hailiamini jina kwa kulitazama tu. Huenda kulitafutia anwani, ikiikosa inakuandikia jina zima kama lilivyo, na ukiliona limejirudia hivyo huhitaji maelezo mengine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauna programu maarufu ndani yake. Ofisi ndogo ina seva moja na diski ya nje ya bakapu. Umeme unakatika, unarudi, seva inawaka, lakini diski ya nje haijapachikwa kwenye mfumo: waya umelegea, na mipangilio inairuhusu seva iendelee bila diski hiyo. Folda ya bakapu bado ipo kwa jina lake lile lile. Usiku programu ya bakapu inaandika humo kwa utiifu, kumbe inayojaa ni diski kuu ya seva. Kila ripoti inasema kazi imefanikiwa. Kisha inafika siku diski kuu inajaa, hifadhidata inasimama, na ndipo inagundulika kwamba bakapu za karibuni zote zimelala kwenye diski ile ile zilizopaswa kuikinga.

Dawa yake ni swali la mstari mmoja kabla ya kuanza kuandika: je, hapa pamepachikwa diski, au ni folda tu? Linux ina amri inayoitwa mountpoint, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Ni swali jepesi mno, jepesi kiasi kwamba asiyewahi kuliona balaa lile halimjii akilini. Ukisoma hati za ukaguzi za msimamizi mkongwe unasoma mikasa yake yote, kila mstari na msiba wake.

Je, tunaweza kuuliza kuhusu msiba ambao bado haujampata mtu? Tianyin Xu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzake walilishughulikia hilo mwaka 2016. Walionyesha kuwa makosa mabaya zaidi hujificha kwenye mipangilio inayohusu dharura yenyewe, kama vile seva mbadala ya kushika kazi au njia ya kurejesha data. Mara nyingi programu haiigusi mipangilio hiyo inapowaka. Huigusa siku ya matatizo, siku ambayo huna nafasi ya kosa la pili. Ni tairi la spea lililoisha upepo. Walichobuni ni kuchambua programu, kutoa ule msimbo ambao ungekuja kutumia thamani hizo baadaye, na kuuendesha mapema, wakati wa kuwaka, kwa namna isiyoleta madhara. Sijui kazi nyingine katika fani hii iliyobuniwa kwa akili iliyotulia kiasi hicho.

Hata hivyo kuuliza ni nusu ya kazi. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza siku na msimbo mpya wa kununua na kuuza hisa. Ulipaswa kuwekwa kwenye seva nane, ukawekwa kwenye saba. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, na alama iliyokusudiwa kuuamsha mpya ikauamsha ule mzee. Kwa dakika 45 oda zilimwagika sokoni, na hasara ikapita dola milioni 400. Ungeikagua seva ya nane peke yake huenda usingeona kasoro, maana kosa lake lilikuwa kutofanana na wenzake, na kuzilinganisha seva nane ni kazi ya dakika chache. Linaloniuma zaidi limo kwenye uamuzi wa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa: asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulituma barua pepe 97 zilizolitaja tatizo lile. Hazikuundwa ziwe za tahadhari, na hakuna aliyezifanyia kazi.

Hapa ndipo ninapowatenga mafundi na wapiga kelele. Zipo programu za ukaguzi zinazojivunia wingi wa maonyo. Unawasha mojawapo kwa mara ya kwanza, inakutolea kurasa na kurasa za njano na nyekundu, na katikati ya malalamiko kuhusu toleo lililopitwa kidogo na jina la seva lisilofuata kanuni, umejificha ukweli kwamba hifadhidata iko wazi kwa intaneti nzima. Baada ya wiki mbili hakuna anayezisoma. Onyo zuri linataja kilichokosewa, kwenye faili lipi, na kitakachotokea ukikiacha. Kosa likisharekebishwa, linanyamaza. Kuliondoa onyo lisilo na maana, na kuandika kwa nini umeliondoa, kunataka ujasiri kuliko kuliongeza. Siku likihitajika, jina lako ndilo litakalokutwa pale.

Ufundi huu umewahi hata kuogopwa. Aprili 1995 Dan Farmer na Wietse Venema walipotoa SATAN, programu ya kuchunguza udhaifu wa seva kupitia mtandao, wengi walilalamika kwamba wavamizi wamepewa silaha. Wenyewe waliweka mle ndani mzaha, amri ya kulibadili jina liwe SANTA kwa wasiolipenda. Lakini wavamizi walikwishazijua njia zile; waliokuwa hawazijui ni wasimamizi.

Na mkaguzi naye lazima akaguliwe. Tarehe 4 Oktoba 2021, karibu saa moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka dunia nzima, zikaanza kurudi usiku wa manane. Mwenye duka lake ndani ya WhatsApp alifunga biashara bila kupenda. Kampuni ilieleza kesho yake kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilizikata njia kuu za mtandao wake. Palikuwa na chombo cha kukagua amri za namna hiyo. Chombo hicho kilikuwa na kosa, kikaipitisha. Ndiyo maana fundi makini hukilisha chombo chake mipangilio iliyoharibiwa kusudi, mara kwa mara, aone kama kitakataa.

Kazi ya mafundi hawa haitapungua. Desemba 2018 mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza walikosa intaneti ya simu kwa sababu cheti kimoja ndani ya programu za Ericsson kilikuwa kimekwisha muda, kosa ambalo swali moja la tarehe lingelikamata. Mwaka 2025 watoaji wa vyeti vya tovuti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kuufupisha muda wa vyeti hivyo hatua kwa hatua, kutoka siku 398 hadi siku 47 ifikapo 15 Machi 2029. Ofisi zinazoandika tarehe ya cheti kwenye ubao wa ukutani zitaifuta na kuiandika upya karibu mara nane kwa mwaka.