Portali ya mafunzo: nani aliulizwa kabla ya kuichora?

Wenzangu, tuseme ukweli. Sisi wenye diplome tunapenda kusifu kila kitu kinachokuja na intaneti. Leo naomba tukosoe kimoja: portali ya mafunzo ambayo shirika moja (jina naliacha) liliwaletea wauguzi wa vituo vya afya huku kwetu.

Masomo yenyewe ni mazuri, sikatai. Malaria, chanjo, usafi wa mikono, yote yamo. Ubovu uko mlangoni. Kwanza, portali inadai imeli. Muuguzi niliyekaa naye, njia ya Kabambare, hakuwa nayo. Kijana mmoja alimfungulia, kisha akabaki na neno la siri. Pili, kila somo ni video, na mega ananunua kwa mfuko wake. Tatu, rezo ikikatika katikati ya jaribio, anaanza upya. Alianza mara tatu, ikakatika mara tatu. Mwisho wa mwezi ripoti ikaandika: hakumaliza. Na ile ripoti ndiyo wakubwa wanaitumia kuchagua nani aende semina Kindu. Basi mtu wa bidii akaonekana mvivu.

Juu ya nini? Kwa sababu waliochora walianza na kompyuta ya ofisi, hawakuanza na mtu. Utafiti wa watumiaji si uchawi. Ni kukaa pembeni ya mtu akiwa na telefone yake mwenyewe, kunyamaza, na kuangalia anakwama wapi. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wakijaribu, makosa mengi yanaonekana. Watu 5! Hata kituo kimoja Kasongo na kimoja Kabambare vingetosha kuanza.

Wengine watasema teknolojia ndivyo ilivyo, ni sisi tuko nyuma. Hapana. OpenWHO ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza 2017, ilikuwa na masomo ya kupakua, mtu akasoma bila rezo, na mengine yalitolewa kwa Kiswahili. Moodle nayo ni ya bure, na programu yake ya simu inaweza kutunza majibu mpaka rezo irudi. Kumbe inawezekana, ni kuulizwa tu ndiko tulikosa.

Tena tusisahau historia yetu. Kuanzia 1971, Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, ulijaribu hapa hapa mpango wa vituo vya afya vinavyotegemea wauguzi. Mradi huo ni kati ya ile iliyosaidia kuzaa zone za afya za nchi nzima. Wakati ule wageni walikuja kujifunza Kasongo. Leo tunapokea kitu kilichokwisha kukatwa na kushonwa, bila kupimwa mwilini.

Nyinyi mliosoma informatiki, hii kazi ni yenu. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, pandeni moto, mwende kituoni, mkae na muuguzi saa moja. Mnaonaje?