Kusitiri si Kuficha: Uhakiki wa Gauni la Mama Mwenye Mwili

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi. Leo nahakiki nguo, tena nguo za watu ambao hakuna anayejisumbua kuwahakikia kitu: mama zetu wenye umri na wenye mwili. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nina miaka 59, nimezaa, nimenenepa, na nimeshona kwa cherehani kuanzia upande wa Aru hadi huku Koboko. Basi naongea kama fundi, naongea na kama mvaaji.

Kuna mafundisho yanayozunguka sokoni, kwenye simu za mabinti zetu na midomoni mwa wauza mitumba. Eti mama mnene avae nyeusi. Eti maua makubwa sio yake. Eti mistari ya kulala inamtanua, mikono aifunike, na akipata gauni pana kama turubai, ashukuru. Ukisikiliza vizuri, mafundisho haya yote yana sentensi moja iliyolala chini: mwili wako ni kosa, ufiche. Ndani yake mna ufundi wa kweli, sikatai, lakini umechanganyika na dharau kama mchele wenye mawe. Kazi yangu leo ni kuchambua.

Nianze na lugha. Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu wanayachanganya: kuficha na kusitiri. Unaficha kitu cha wizi, unaficha deni. Unasitiri kitu chenye heshima. Mzee akikuombea Mungu akusitiri, hakuombei upotee machoni pa watu. Anakuombea usimame mbele yao bila kuaibika. Hapo ndipo ninapopimia nguo. Gauni zuri la mama mzito ni lile linalomwacha ainame, anyanyue mikono, akae chini na kusimama tena bila kujivuta-vuta. Akilivaa na kulisahau, linamsitiri. Akishinda anashika kifua, anashusha pindo, anavuta mgongoni, basi hata likiwa jeusi na pana, limemwanika.

Wakubwa wa nchi zetu wameshughulika sana na nguo za wanawake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Tanzania ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mawigi. Mwaka 1972 Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Wakakwa wa huku Koboko, alipiga marufuku sketi fupi Uganda. Zaire ya Mobutu, ambamo sisi wa ng'ambo tulikulia, ilikataza suruali kwa wanawake na kutukuza kikwembe. Mwaka 2014 Uganda ikaleta sheria dhidi ya ponografia, watu wakaiita sheria ya sketi fupi, na wanawake wakasumbuliwa barabarani. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Sasa angalia: kelele zote hizo zilimhusu msichana na goti lake. Mama wa miaka 60 hakuna aliyemkumbuka, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nguo yake imebaki bila mjadala, na kitu kisicho na mjadala hakitengenezwi vizuri.

Kuluba ni mahali pazuri pa kuanzisha mjadala huo. Mpaka wa Sudan Kusini uko karibu hapo Oraba, Congo iko magharibi yetu, na Salia Musala ndipo nchi tatu zinapogusana. Foleni moja ya maji inakuonyesha mavazi ya pande zote.

Mama wa Sudan Kusini anakuja na lawa lake, kitambaa kimoja kilichofungwa fundo juu ya bega. Kwa mwili mkubwa ni vazi la akili, maana halina saizi. Ukinenepa fundo linasogea, ukikonda linarudi. Uzito wote uko begani, tumbo halibanwi, hewa inapita. Udhaifu wake ni pale kazi inapotaka mikono miwili: una ndoo kichwani na mtoto mkononi, fundo likilegea utalishika na nini? Ndiyo maana wengi huvaa blauzi ama gauni jepesi ndani, na wanafanya vizuri.

Sisi wa Congo tuna libaya na vikwembe. Kitenge cha yadi 6 kinagawanywa mara tatu: yadi 2 za blauzi, yadi 2 za kikwembe cha kufunga, na yadi 2 za kikwembe cha juu, ambacho kesho kinambeba mjukuu. Kikwembe cha kufunga nakipa alama zote. Kiuno kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni kinataka kitu cha kufunga na kufungua, zipu haina huruma hiyo. Libaya lenyewe ndilo lenye shida. Mafundi vijana wanalishona kama la bibi harusi: kiuno kimebanwa, mabega yamevimba, zipu nyembamba mgongoni. Kwa mama ambaye kifua kimeshuka na tumbo limepanda, mshono ule wa kiuno unaangukia mahali pasipo na kiuno, na kila akikaa blauzi inapanda. Dawa ni ndogo. Mshono upandishwe hadi chini tu ya kifua, ambapo hata mama mzito ana wembamba wake, halafu kitambaa kiachwe kishuke chenyewe.

Wenyeji wana gomesi, hasa siku za harusi na sherehe. Jina linatokana na Gomes, fundi Mgoa, na vazi lilianzia Buganda mwanzoni mwa karne ya 20. Shingo ni ya mraba, mabega yamechongoka, na mshipi mpana unafungwa juu ya nyonga. Hili ndilo vazi ambalo linadai mama awe na nyonga. Msichana mwembamba akilivaa anaonekana ameazima. Kwa hilo peke yake, gomesi imeyajibu mafundisho yote ya kuficha. Lakini inakula kitambaa karibu mita 6, inataka kitambaa kingine ndani, na kwa jua la Februari mama anatoka jasho kama yuko jikoni. Ni vazi la sherehe, tuliache huko.

Na kuna dera, lile gauni pana la pwani. Ni starehe kweli kweli kukaa nalo nyumbani. Ila madera mengi yameshonwa kwa kitambaa chepesi cha plastiki kinachoonyesha mwili juani, hivyo lazima shumizi ndani. Pia mikono yake mipana juu ya mafiga matatu ni hatari, maana kitambaa cha aina hiyo kikishika moto kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ukipika, kunja mikono au badilisha nguo.

Sasa zile sheria za sokoni. Nyeusi inapunguza mwili? Kwenye picha, kidogo. Kwenye jua letu inakusanya joto, na vumbi jekundu la barabara linaandika juu yake kila mahali ulipokaa. Mama ambaye umri umemletea joto la ghafla usiku na mchana hahitaji jiko mgongoni. Bluu iliyoiva, zambarau na kijani cha mwembe zinampendeza vilevile bila adhabu hiyo.

Maua makubwa? Shida yake ni yanapotua. Ua moja likikaa juu ya titi moja tu, ama maduara mawili yakikaa sawasawa juu ya makalio, soko zima litacheka. Fundi mzuri anamtandikia mama kitenge mwilini kabla ya kushika mkasi. Likipangwa vizuri, ua kubwa linakaa kwa amani kwenye mwili mkubwa.

Shingo iliyofunguka kama herufi V naikubali. Inarefusha shingo, inapitisha hewa, na mama mwenye bega linalouma anavua gauni bila kupigana nalo. Mikono ikifika kiwiko inatosha; chini ya kwapa pashonwe kipande kidogo cha pembe nne, ili anyanyue ndoo bila gauni zima kumfuata juu.

Mafundi wenzangu, pimeni mbele na nyuma, msipime upande mmoja tu. Mwenye tumbo, pindo la mbele hupanda. Mwenye makalio, au ambaye mgongo umeanza kupinda, hupanda la nyuma. Ongeza urefu pale panapopanda, pindo litakaa sawa. Achene inchi nzima ya akiba ndani ya mishono ya ubavuni, maana mwili wa mama haujamaliza safari. Fueni kitenge kabla ya kukata, kisije kikarudi baadaye. Na msidanganywe na muuzaji: chomoa uzi mmoja, uchome. Pamba inaacha majivu laini yenye harufu ya karatasi; plastiki inaacha donge gumu. Kwa mapaja yanayosuguana njiani, kaptula nyepesi ya pamba ndani ya gauni ni dawa kuliko mafuta.

Nafika kwa mitumba, maana wengi wetu ndiyo tunayovaa. Namba iliyoandikwa shingoni isimtishe mtu. Gauni lilelile huitwa 16 Uingereza, 12 Marekani na 44 Ufaransa. Namba inayobadilika kwa kuvuka mpaka haiwezi kuwa hukumu ya mwili wako. Sisi wakimbizi tulielewe hilo kuliko wengine, tumeona majina yetu yakiandikwa tofauti kila mpaka, na tumebaki walewale.

Niliwahi kushuhudia mgao mmoja wa nguo, miaka ya nyuma. Mahali na shirika sitaji. Robota lilijaa vigauni vya mabinti na suruali za vijana. Mama mmoja wa miaka 70 hivi akapewa gauni ambalo halikupita mabegani. Alishukuru kwa mikono miwili, akalikunja, akaenda. Jumapili tatu zilizofuata hakuonekana kanisani, wala kwenye mkutano wa wazee. Watu wakasema mama amechoka, hapendi tena kutoka. Nilipomtembelea nikaona: gauni lake moja la kutokea lilikuwa limechanika mgongoni kutoka shingo hadi kiuno. Kutoka alikuwa anapenda. Mgongo wa gauni ndio hakuwa nao. Nilichukua vigauni viwili vya robota lile, nikavifumua, nikatia vipande ubavuni na mgongoni, na Jumapili ya nne alikaa benchi la mbele.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kupewa bila kupimwa nayo ni hivyo hivyo.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mnasoma hapa. Nguo za msaada zimetusaidia, hasa usiku ule wa kwanza ambapo mtu amevuka na alichovaa tu. Lakini kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba wanawake wazee hawashiriki mikutano, waulizeni wana nini cha kuvaa mkutanoni. Likija robota, tengeni nguo kubwa pembeni na waacheni wazee wachague kwanza. Na kama bajeti inaruhusu, toeni kitambaa na malipo ya fundi. Mafundi tupo hapahapa, cherehani zipo, na pesa hiyo italala kambini badala ya kuondoka na lori.

Nanyi mama zangu, mkienda kwa fundi msianze kwa kuomba msamaha. Nimeisikia mara nyingi: "Mwanangu utanisamehe, mimi ni mnene." Fundi hajaja kusamehe, amekuja kupima. Mwambie unachota maji wapi, unapika chini au juu, unabeba mjukuu mgongoni au la, unasali umekaa au umepiga magoti. Siku ya kuchukua nguo, ivae palepale. Inama, nyanyua mikono, kaa chini, amka. Ikikubana popote, irudi mezani kabla hujalipa.